Blue Period, mzuka, na mkoba wa kazi

Swali linaloendesha Blue Period ni fupi: mtu ambaye hajawahi kuwa na jambo lake la kusema, atachora nini? Yatora Yaguchi ni kijana wa sekondari jijini Tokyo. Alama zake darasani ni nzuri, ana marafiki wa kukesha nao wakinywa na kutazama mpira, na ana kipaji kimoja kikubwa: anajua kila mtu anataka kusikia nini, naye anampa. Walimu wanampenda, wahuni wanampenda. Yeye mwenyewe anahisi kama vile ushindi wa timu anayoishangilia usiku ni wa watu wengine, na kwa kweli ni wa watu wengine.

Manga hii ya Yamaguchi Tsubasa ilianza kutoka mwaka 2017 katika jarida la Monthly Afternoon, ikashinda tuzo ya Manga Taishō mwaka 2020, ikafanywa katuni ya televisheni mwaka 2021 na filamu ya waigizaji mwaka 2024. Mimi naizungumzia manga yenyewe, hasa juzuu 6 za kwanza, zinazomfuata Yatora kutoka picha yake ya kwanza ya maana hadi matokeo ya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, ambacho Wajapani hukiita Geidai kwa kifupi. Kama kuna mtu anauliza katuni zinatafuta nini kwenye ukurasa wa fasihi, namwomba asome juzuu la kwanza tu, halafu tuendelee kubishana.

Kwetu tuna maneno mawili makubwa kwa kile kitu ambacho Yatora anakitafuta. Moja ni ilhamu, tuliloliazima kwa Waarabu. Ilhamu inateremshwa, inatoka juu, wewe kazi yako kupokea. La pili ni la mtaani: mzuka. "Leo sina mzuka." "Mzuka umenipanda." Mzuka unazuka, kama jina lake linavyosema, na ni jina la pepo vilevile, kwa hiyo unakupanda wewe, wewe huupandi. Ukiyatazama vizuri, maneno yote mawili yanamkalisha msanii kwenye benchi kama mgonjwa zahanati, anangoja aitwe. Sasa mtu mwenye tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi chuoni, anayetakiwa awe na mkoba uliojaa kazi, huyo anangoja nini? Hapo ndipo manga hii inaponipendeza. Haina hata ukurasa mmoja wa kungoja.

Tuanze na picha ya kwanza. Mwalimu wa sanaa anawapa darasa zima kazi: mchore mandhari mnayoyapenda. Kazi ya kawaida kabisa, ya kujazia kipindi. Yatora hana mandhari anayoyapenda. Alichonacho ni Shibuya alfajiri, ile saa anayorudi nyumbani na wenzake baada ya kukesha, mitaa mitupu, taka chini, na kila kitu kina rangi ya bluu. Anaona aibu kusema hivyo, maana nani anapenda mahali kama pale, na majengo si ya bluu. Mori, dada wa darasa la juu aliye kwenye klabu ya sanaa, anamfungulia mlango kwa maneno machache: kama wewe unaiona bluu, basi ichore bluu. Anaichora. Si picha nzuri sana, na Yamaguchi hadanganyi kwamba ni nzuri. Lakini rafiki zake wakiipita wanasema, ah, hii Shibuya asubuhi, na Yatora machozi yanamtoka mbele ya watu. Kwa mara ya kwanza amesema kitu chake na mtu mwingine amekisikia.

Tazama kilichotokea pale. Bluu ile haikuja siku ya kuchora. Ilikuwepo miezi yote aliyokuwa akirudi nyumbani alfajiri, akaiona na kuidharau, kwa sababu haikufanana na kitu ambacho watu hukiita "mandhari". Kilichompungukia ni ruhusa ya kuhesabu alichokwisha kukiona.

Hoja hiyo inarudi kwa mama yake, na kwangu mimi hapo ndipo pazuri kuliko pote katika juzuu za mwanzo. Kwao hali si nzuri kifedha. Vyuo binafsi vya sanaa ni ghali, kwa hiyo ni Geidai, chuo cha serikali, au hakuna. Geidai nako idara ya uchoraji wa rangi za mafuta inachukua watu 55 kwa mwaka. Mama anaogopa, kama mama yeyote ambaye mtoto wake mwenye alama za kusomea kitu cha maana anamwambia anataka kuchora. (Sihitaji kumweleza msomaji wa Dar au Nairobi mazungumzo haya yanaendaje. Tunayajua kwa moyo.) Yatora angeweza kuleta hoja za ajira, ni hodari wa hoja. Badala yake anamchora. Katika kumchora anaona mambo ambayo kwa miaka 17 ya kula mezani kwake hakuyaona: mikono ilivyo kwa kazi za nyumbani, namna anavyowafikiria wengine kwanza. Anamwonyesha mchoro na kumweleza alichokiona. Mama anaelewa kitu ambacho hoja isingemfikishia, kwamba kuchora kunamfanya mwanawe atazame.

Mwandishi mwingine angeishia hapo, akatuacha na somo tamu la "chora kilicho karibu nawe". Yamaguchi anaenda mbele, na huko mbele ndiko kwenye kazi ngumu.

Yatora anaingia darasa la maandalizi ya mtihani. Huku kwetu tungeliita tuisheni, na ni tuisheni kweli: ada, majirani wenye vipaji wanaokutisha, alama zinazobandikwa ukutani. Mwalimu Ooba, mwanamke mrefu, mchangamfu, asiyekuonea huruma, anaona kwamba kijana huyu anachora kwa utiifu. Yatora anapewa turubai kubwa, yenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu, achore jambo lenye uzito kwake. Yatora anachagua watu: rafiki, wazazi, wapinzani, wote waliomfikisha pale. Wajapani wana neno en, ile fungamano inayokutanisha watu. Wazo lake la kwanza ni nyuzi. Uhusiano ni uzi, si ndiyo? Kila mtu angesema uzi. Anachora nyuzi na picha inakaa pale imekufa.

Hapo anafanya kazi ambayo vitabu vingi vya sanaa hutuficha. Anakaa na kujiuliza kama yeye, Yatora, kweli anaona watu wameunganishwa na nyuzi, au ameokota tu methali barabarani. Anachokipata ni tofauti. Watu wamemgonga, wamempasha moto, wamembadilisha umbo, wengine wamemkata. Kwake uhusiano ni chuma: huyeyuka, hupigwa, na unaweza kugeuka kisu. Anachora tena, na safari hii picha inasimama.

Nimeirudia sehemu hiyo mara kadhaa, maana ndani yake mna jibu kwa yale maneno yetu mawili. Ilhamu haikuteremka wala mzuka haukupanda. Wazo la pili lilitoka ndani ya kushindwa kwa wazo la kwanza, na asingelipata bila kwanza kuchora ule uzi mbaya.

Kisha Yamaguchi anafanya ukatili mdogo. Picha ya chuma inasifiwa, na Yatora, yule mtoto wa kuwapa watu wanachotaka, anaanza kuitengeneza tena na tena. Anatumia alama zilezile kwenye kazi zinazofuata. Ooba anamwona. Amejigeuza mwanafunzi wa picha yake mwenyewe.

Hapa nitoke Tokyo kidogo, kwa sababu suala hili la kunakili tumelibishania sana Afrika Mashariki, na watu wawili wanaweza kusimama kama pande mbili za ubishi, wote wazaliwa wa Tanganyika. Elimo Njau, aliyesomea Makerere na kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alikuwa na kauli yake maarufu kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Kwake msanii anayekopi amemnyamazisha Muumba ndani yake. Upande wa pili yuko Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa zilizotumika kwenye baiskeli, juu ya vipande vya ubao. Ndugu na jamaa walijifunza kwa kukaa pembeni yake na kufanya kama yeye. Alikufa mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora, na mtindo wake uko hai hadi leo kwa sababu watu waliukopi. Kunakili ndiko kulikuwa shule yenyewe.

Tukizoea kuwagombanisha hawa wawili tunapoteza kitu. Blue Period inaniambia kwamba wote walikuwa wanazungumzia saa tofauti za siku. Yatora ananakili mengi: anachora sanamu za plasta hadi mkono unauma, anakwenda makumbusho na wenzake na kuzitazama picha kama mnunuzi, akijiuliza ipi angeipeleka nyumbani na kwa nini. (Zoezi hili jaribuni. Linaondoa ule unafiki wa kusimama mbele ya picha na kutikisa kichwa.) Hakuna anayelala usingizi hapo. Usingizi unaanza baadaye, pale anapojikopi mwenyewe kwa sababu alisifiwa jana. Mwanafunzi wa Tingatinga aliyeketi pembeni ya mwalimu akijifunza mstari yuko macho kabisa. Anayechora chui wa elfu moja kwa mtalii wa elfu moja, sina hakika.

Na hapo ndipo kisa cha nyumbani kinaponigusa. Mpwa wangu anaandaa mkoba wa kazi, potifolio, kwa ajili ya maombi ya chuo nje ya nchi. Alinitumia picha 16 kwa simu. Tisa zilikuwa Wamasai, machweo, mbuyu na simba. Huyu ni mtoto wa Tabata. Simba amemwona kwenye noti na kwenye jezi. Nikampigia.

"Huyu simba umemtoa wapi?"

"Pinterest, mjomba."

"Na kile cha mwisho? Cha ndoo?"

Kulikuwa na mchoro mmoja wa kalamu ya wino, ndoo saba na madumu kwenye foleni ya maji, hakuna mtu hata mmoja, kila ndoo imeketi kwa namna yake kama mwenye nayo. Kuna moja imefunikwa kwa sahani. Nilimwambia hicho ndicho kitu.

"Mjomba, ndoo? Wale watu wa kule wataelewa nini kuhusu ndoo? Simba wanamjua."

Ukimpa mtoto huyu juzuu la kwanza atakuelewa kuhusu Shibuya mara moja. Ndoo zake ndizo alfajiri yake ya bluu. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na niseme wazi, Blue Period haina jibu lake. Yatora na wakaguzi wake wanaishi mji mmoja. Akichora Shibuya, aliyeshika kalamu ya kusahihisha amewahi kushuka kituo kile. Kijana wa Tabata anapeleka picha kwa mtu ambaye pengine kichwani mwake Tanzania yote ni machweo. Kumwambia "kuwa mkweli kwa nafsi yako" ni rahisi kwangu mimi nisiyelipa ada ya maombi. Anayetaka nafasi ana haki ya kumfikiria anayeitoa.

Lakini manga hii inamsaidia kwa njia nyingine, kwa sababu haimfichi kwamba mtihani ni mtihani. Ooba anawafundisha wanafunzi wake mkakati bila aibu. Kumfikiria mtazamaji si dhambi katika kitabu hiki. Yatora anaanguka pale tu anapompa mtazamaji kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiona. Simba wa mpwa wangu ana tatizo hilohilo. Kama angewahi kumwona simba kwenye jezi ya kaka yake iliyofuliwa hadi uso ukafutika, akamchora huyo, ningenyamaza.

Kuna mtu mwingine katika hadithi anayelipia swali hili kwa bei kubwa kuliko Yatora. Ryuji, ambaye wenzake humwita Yuka, alizaliwa mvulana na huvaa nguo za kike. Kiswahili kinanirahisishia hapa, "yeye" wetu hauulizi. Ryuji ana mkono mzuri. Anaomba idara ya uchoraji wa asili wa Kijapani, na sababu ni bibi yake, mtu pekee nyumbani aliyemkubali alivyo. Yeye mwenyewe anapenda nguo na mitindo. Siku ya mtihani anachora alama kubwa ya X kwenye karatasi yake na kutoka nje. Kila nikisoma maoni ya wasomaji wengine naona wanaiita sehemu hii ya huzuni. Mimi naiona ni ukosoaji wa kwanza wa kweli ambao Ryuji anaufanya. Alikuwa na mkoba mzima wa kazi nzuri zilizotengenezwa kwa upendo wa mtu mwingine, na akazikataa.

Baada ya hapo wawili hawa wanapanda treni hadi Odawara, pwani, siku chache kabla ya awamu ya pili ya mtihani wa Yatora. Mtu mwenye akili angekaa nyumbani afanye mazoezi. Wao wanalala kwenye nyumba ya wageni, kila mmoja anajichora mwenyewe akiwa uchi, mbele ya kioo, kwenye daftari la kuchorea. Yatora anagundua mwili wake si ule aliofikiri anao. Ni mwembamba, hauna fahari yoyote, unatia aibu kidogo. Kisha anaingia kwenye chumba cha mtihani na mada inatolewa: mwili wa uchi. Unaweza kusema mwandishi amempendelea, na ni kweli, hii ni bahati ya kwenye hadithi. Ila isome tena uone alichokipata kwenye bahati hiyo. Hakuja na picha tayari. Alikuja na aibu aliyoichunguza kwa macho, na aibu hiyo ndiyo iliyomwonyesha jinsi ya kuichora mada. Kama kwenye awamu ya kwanza, ambapo mada ilikuwa kujichora na kioo chake kikapasuka kabla hata hajaanza. Akatumia nyufa.

Nina manung'uniko yangu. Mtihani umechorwa kama mechi ya fainali, jasho, saa ya ukutani, mpinzani upande wa kushoto, na kuna kurasa ambapo sanaa yenyewe inapotea ndani ya msisimko. Pia Yatora hakosi vifaa. Kuna wasiwasi wa fedha mwanzoni, lakini rangi za mafuta zinamwagika kila ukurasa, na mtu aliyewahi kugawana kopo moja la rangi nyeupe na wenzake wanne atacheka. Jambo jingine, hili si nung'uniko: picha nyingi tunazoonyeshwa kuwa za Yatora na wenzake zilichorwa na wasanii halisi mbalimbali, ambao majina yao yametajwa katika juzuu, na Yamaguchi mwenyewe ni mhitimu wa Geidai. Ndiyo maana picha za wanafunzi zinatofautiana kama mwandiko wa watu tofauti. Hadithi inayohubiri sauti binafsi ilibidi iazime sauti za watu wengi ili isadikike.

Juzuu la 7 ndilo nililomwambia mpwa wangu asome kwa haraka, hata akiruka mengine. Yatora amefaulu, ameingia Geidai, na siku za mwanzo kila mwanafunzi anasimama kujitambulisha kwa kazi zake. Wenzake wana potifolio zenye sanamu, picha, vitu walivyovitengeneza kwa sababu walishindwa kulala. Yatora anafungua yake, na ndani mna kazi za mtihani. Zote nzuri. Maprofesa wanazitazama bila kupepesa macho, na kwa adabu ya baridi wanamfahamisha kwamba mtihani umekwisha.

Juzi mpwa wangu amenitumia picha mpya. Simba bado yuko, amemweka wa kwanza. Ndoo ziko ya pili, na sasa ni tatu: foleni ileile saa za mchana, saa za jioni, na moja ya alfajiri ambayo bado hajaimaliza, kwa sababu anasema saa kumi na moja maji yakitoka watu wanamwahi kabla hajachora. Tarehe ya mwisho ni mwisho wa mwezi.